Korali, kijani na waridi: walivyoniharibia kadi za sendofu

Nianze na mazuri ya hawa wachapaji wa kadi ili nisionekane nina chuki. Karatasi ni nzito, imekatwa vizuri, mzigo ulitoka siku waliyoahidi na bei haikuwa ya kuumiza. Kama una vipeperushi au vitabu vya risiti, nadhani unaweza kuwapelekea. Mimi niliwapelekea kadi za sendofu ya mdogo wangu, na hasira haijanitoka mpaka leo.

Rangi tulizichagua nyumbani: korali, kijani na waridi. Mama ndiye aliyeanza na korali, kwa sababu kitambaa cha sare alishakiona Kariakoo na roho yake ikatulia hapo. Waridi ikaingia kwa ajili ya maua. Kijani ndicho kilichopewa kazi kubwa, maana korali na waridi ni ndugu wa damu: zote zimetoka kwenye nyekundu, moja imevutwa kuelekea chungwa, nyingine imepaushwa na nyeupe. Ukiziacha zenyewe zinamezana. Kijani kilichokolea, kile cha jani la mwembe lililokomaa, ndicho kinachozitenganisha na ndicho kinachosomeka juu yake. Kwa hiyo mchoro wangu ulikuwa wazi kabisa: kadi ya korali, ua la waridi pembeni, maandishi yote kijani.

Kijana wa kwenye kompyuta akautazama, akaniambia, "Dada, hakuna rangi ya korali. Kuna pinki na kuna orenji." Nikatoa kipande cha kitambaa kwenye pochi, nikakiweka juu ya kibodi yake. Akakisogeza pembeni kwa kidole. Nikaomba sampo moja tu kabla hawajachapa zote, na sababu nikamweleza: kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ila mashine ya kuchapa inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na korali ni katika zile zinazong'aa kwenye kioo halafu zinapooza kwenye karatasi. Sampo ni karatasi moja jamani! Akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwa wateja kwenye benchi: "Sista, watu wanakuja kula pilau, hawaji kula kadi. Wenzio hawasumbui hivi."

Nilikuwa nimeshalipa. Nikanyamaza.

Nilipofungua boksi, korali imekuwa tofali. Hilo pengine ningelimeza. Lakini maandishi yote yamegeuzwa kuwa waridi! Jina la baba, ukumbi, tarehe, saa, vyote waridi juu ya hiyo tofali yao. Mjomba aliisogeza dirishani, akafuta miwani, akawasha tochi ya simu, akaishia kwenye "Familia ya", kisha akaniuliza ukumbi uko wapi. Nilipompigia kijana akasema, "Niliona inapendeza zaidi."

Jaribu kitu kimoja na kadi yoyote: ipige picha kwa simu, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Ya kwao maandishi yalipotea, ikabaki karatasi ya kijivu. Mchoro wangu wa mwanzo ulibaki unasomeka herufi kwa herufi, kwa sababu jicho linaposoma linafuata tofauti ya kiza na mwanga. Ndiyo maana hata mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani, na wanaume wa hivyo wapo kwenye koo nyingi, angeisoma kadi yangu bila shida.

Nikarudi nazo. Mwenye ofisi, mama mtu mzima ambaye nilimwamkia kwa heshima, akaniambia watachapa upya nikilipa upya, kwa sababu mimi ndiye niliyeleta "rangi ngumu". Ngumu kwa nani? Pantone, kampuni ya Marekani inayotangaza rangi ya mwaka, ilichagua waridi ya Rose Quartz pamoja na samawati ya Serenity mwaka 2016, kijani cha Greenery mwaka 2017, na Living Coral mwaka 2019. Dunia nzima imechapa rangi hizi. Mpambaji wetu alizichukua hizo hizo tatu, akaweka vitambaa vya korali, waridi kutoka Arusha na majani mengi mabichi, na ukumbi ulipendeza mpaka mama akalia. Kwa hiyo anayezitaka rangi hizi azichukue bila woga, mradi kijani kikolee na maandishi kiachiwe chenyewe.

Pale juu nimesema mnaweza kuwapelekea vipeperushi. Naliondoa hilo neno. Anayebadilisha maandishi ya mteja bila hata kupiga simu, kesho atabadilisha namba ya duka lako kwa kuwa ameona nyingine inapendeza. Msiwapelekee chochote.

Kadi za harusi yenyewe tumezipeleka kwingine. Hawa nawadai pesa ya kadi zote, na wiki hii nakwenda kuifuata na mjomba.