Kolajenesi ya kupimiwa: nimenunua mara mbili, mara ya kwanza nusu nilie

Kwa wale tunaotoa seli kwa ini la panya, kuna duka moja la vifaa vya maabara hapa Industrial Area, jina naacha, wanakupimia kolajenesi (enzaimu ya kumeng'enya nyuzi zinazoshikanisha seli) kidogo kidogo badala ya kukuuzia chupa nzima, na sisi wa masta wenye bajeti ya kuombaomba hiyo ni raha. Nilituma pesa kwa M-Pesa asubuhi, saa tisa boda yuko geti.

Sasa shida. Kichupa kilikuja kwa mfuko wa karatasi, barafu imeyeyuka yote, na unga ndani umeshikana kama glukosi iliyoingia maji. Hii enzaimu ikiwa kavu joto la njiani si noma sana, adui ni unyevu, hata ukiitoa friza unaiacha kwa meza baridi iishe ndio ufungue. Na hawa wanafungua chupa kubwa kila siku wakipimia watu!

Kilichoniudhi zaidi ni lebo, hakuna namba ya loti, yaani ya mkupuo uliotengenezwa pamoja. Kolajenesi inatoka kwa bakteria na nguvu yake inabadilika loti hadi loti, ndio maana unahesabu yuniti za nguvu si miligramu, mimi nikabaki kukisia. Nikapitisha bafa (maji ya chumvi ya kuoshea) isiyo na kalsiamu kwa mshipa, damu ikatoka, ini likawa rangi ya chai ya maziwa, safi kabisa, nikaingiza enzaimu na kalsiamu yake, digrii 37, nikangoja. Dakika 15 ini bado gumu kama la bucha. Nikalichanachana kwa nguvu, nikachuja, kuweka tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu, zaidi ya nusu zimekunywa rangi, maiti hizo. Panya ameenda bure, na vile kibali cha panya kinasumbua.

Mara ya pili nilienda mwenyewe na kuli boksi nikaitisha chupa haijafunguliwa, tukachanga watatu. Hiyo dakika nane tu ini limelegea, unapasua ganda na pinseti seli zinamwagika kama uji. Sentrifuji polepole, 50 g (mara 50 ya mvutano wa dunia, si gramu) dakika tatu, seli hai asilimia 86.

Jamaa wa kaunta ni mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, ila pesa ya kwanza akasema "hiyo ilishapimwa, boss, hairudi." Nyota tatu, zote za ile chupa nzima. Ya kupimiwa achaneni nayo mpaka waanze kuandika loti.