Uzoefu wangu Aogashima: usiishie ukingoni, shuka hadi ndani ya kreta

Kiutawala Aogashima ni Tokyo, na magari ya kule yana namba za Shinagawa, wilaya ya jijini Tokyo. Ila kisiwa chenyewe ni volkano iliyo katikati ya bahari, takriban kilomita 360 kusini mwa jiji, na wakazi wake ni kama 170. Nimekipenda kuliko kisiwa chochote nilichotembelea Japani, na ningependa anayejipanga kwenda afike akijua pa kuanzia.

Kutoka Tokyo mjini hakuna usafiri wa moja kwa moja. Unafika kwanza kisiwa cha Hachijojima, kwa ndege ya chini ya saa moja kutoka Haneda au kwa meli ya usiku. Kutoka hapo kuna helikopta ya abiria 9, mwendo wa dakika 20, au meli ndogo ya takriban saa 3. Mimi nilienda kwa helikopta nikarudi kwa meli. Helikopta ni mara moja kwa siku na nafasi huwahi kujaa, na mzigo unapimwa, kwa hiyo beba kidogo. Meli nayo huahirishwa mara kwa mara, kwani bandari ya Sanpo haina ghuba ya kuikinga na mawimbi. Ni gati la zege chini ya genge, basi.

Ukifika na mbingu iko wazi, acha mizigo, kisha panda kilele cha Otonbu saa hiyo hiyo, maana ukungu hauna ahadi. Hapo ndipo juu kabisa, mita 423. Aliyewahi kusimama kwenye ukingo wa Ngorongoro atalitambua umbo lile la kreta, yaani shimo la volkano, ila hapa ukigeuka nyuma ni bahari tupu mpaka upeo wa macho. Ndani ya kreta kuna kilima kingine, Maruyama, chenye mistari ya miti kukizunguka, nacho kina kreta yake. Nilikaa pale mpaka upepo ukanishinda.

Wageni wengine wakishapiga picha huona wamemaliza. Hapana. Kisiwa chenyewe kiko chini, Ikenosawa, ndani ya kreta. Ardhi ina joto, na mvuke unatoka kwenye nyufa ambazo wenyeji huziita hingya. Kuna majiko ya mvuke ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kutumia: unaweka chakula ndani, unafunika, unafungulia valvu, mvuke unapanda kwa kishindo. Mimi niliweka mayai na viazi vitamu. Mayai yalitangulia, viazi vikachelewa, lakini vilipotoka ganda lilibanduka kwa kidole na ndani ni laini kabisa. Nyunyizia chumvi ya hapohapo, inayotengenezwa kwa kukausha maji ya bahari kwa joto la mvuke huohuo. Sihitaji kitoweo kingine. Jirani kuna sauna isiyotumia kuni wala umeme kupata joto, na kiingilio chake ni kidogo. Ingia baada ya kuzunguka Maruyama kwa miguu.

Ukiwa pale chini, kumbuka kwamba zamani palikuwa na maziwa ya maji na watu wakilima. Volkano ililipuka miaka ya 1780, na mwaka 1785 ikawa balaa: mashua kutoka Hachijojima ziliwaokoa waliowahi, zaidi ya 130 wakafa. Walionusurika waliishi ugenini takriban miaka 50 kabla ya kurejea rasmi mwaka 1835. Kujua hayo kulinifanya nikiangalie kile kijiji kidogo cha upande wa kaskazini kwa heshima kubwa zaidi.

Malazi ni nyumba chache za wageni. Weka nafasi kabla hujanunua tiketi, na kama huli nguruwe au hutaki pombe kwenye mapishi, sema mapema, kwa sababu chakula utakachokula ni kile cha mwenyeji wako. Duka ni moja, kwa hiyo beba pesa taslimu na dawa zako. Usiku usilale mapema: nje ya kijiji hakuna taa, na nyota ni nyingi ajabu.

Acha siku za akiba upande wa kurudi. Usipange ndege ya kwenda nyumbani siku ileile au kesho yake, kwa sababu bahari ikichafuka na ukungu ukitanda, si meli wala helikopta itakayokuja kukuchukua.