Mita ya shilingi 12,000 iliyoniondolea kazi ya kusukuma GN125

Ninayo hii mita ndogo ya mkononi ya kupimia umeme, DT-830D, mwezi wa nne sasa. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 12,000 baada ya kutumia hela nyingi zaidi ya hiyo kwenye vifaa ambavyo havikuwa na ubovu wowote. Naandika kwa ajili ya wanaobadilisha pikipiki za zamani na kukwama pale pale nilipokwama mimi.

Pikipiki yangu ni Suzuki GN125 ya mwaka 1996, aliniachia mjomba. Nilikata mkia wa fremu, nikaweka siti fupi bapa na usukani wa chini, kisha fremu nzima ikapulizwa rangi nyeusi. Betri nikaihamishia kwenye kisanduku kidogo chini ya siti ili pale katikati pabaki wazi. Ilipendeza sana. Siku ya kuiwasha nikabonyeza stata: tik-tik-tik-tik, taa ya nutro ikafifia, injini haikuzunguka. Yangu haina kiki. Nikiisukuma kwa gia ya pili ilikuwa inawaka bila shida, kwa hiyo cheche ilikuwepo na mafuta yalikuwa yanafika.

Fundi wa kwanza akasema betri imekufa. Nikanunua mpya, mlio ukawa ule ule. Wa pili akafungua stata, akabadilisha kaboni, mlio ukawa ule ule. Dalili zenyewe zinadanganya, maana taa zikififia ukibonyeza stata kila mtu anawaza betri. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyepima kitu. Wiki tatu nilikuwa nasukuma pikipiki kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jirani yangu, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya umeme wa magari, alikuwa ananiona. Siku moja akaniita. "Mwanangu, tafuta mita. Halafu usipime ikiwa imelala, pima stata ikiwa inavuta."

Kauli hiyo ndiyo iliyomaliza tatizo. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.7, ambazo ni za betri iliyojaa. Nikahakikisha gia iko nutro, nikaunganisha boliti mbili kubwa za rilei (ile swichi inayopeleka moto wa betri kwenye stata ukibonyeza) kwa bisibisi nene, mbali na petroli kwa sababu inatoa cheche, ili stata ipate moto mfululizo bila rilei kukatakata. Stata ikaguna tu. Betri ikasoma 12.2. Betri iliyochoka ingeweza kuporomoka chini ya 10 hapo hapo, lakini hii haikuwa imeombwa kazi yoyote ya maana.

Nikahamisha ncha: nyekundu kwenye chuma cha injini, nyeusi kwenye hasi ya betri. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri, kwa sababu hizo sehemu mbili zimeunganishwa kwa waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Ilisoma 6.4. Nusu ya umeme wa betri ilikuwa inaishia njiani kabla ya kuizungusha stata!

Nikafungua boliti ya ethi. Chini yake kulikuwa na rangi nyeusi, safi, inang'aa, ile ile niliyoilipia. Na waya niliokuwa nimeurefusha ili ufike kwenye kisanduku ulikuwa mwembamba kama wa taa. Fremu ikikosa ethi, rilei nayo inakosa nguvu ya kujishikilia, inaachia, inashika tena, ndiyo ile tik-tik. Nikakwangua rangi kwa msasa hadi chuma cheupe, nikaweka waya mnene kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye boliti ya injini, na juu yake nikapaka grisi kuzuia kutu. Nikabonyeza. Ikawaka kabla sijajiandaa.

Sasa kipimo kile kinasoma 0.1. Na betri, stata ikizunguka, inashuka hadi 10.9, yaani chini kuliko wakati wa ubovu, kwa sababu hatimaye inafanya kazi. Hilo lilinichukua muda kulielewa.

Baadaye ikawa kimya kabisa siku moja, hata tik hakuna. Nikaweka mita kwenye alama ya mlio, ambapo inalia kama umeme unapita kwenye waya, nikafuata nyaya za swichi ya klachi, ambayo stata inaitegemea, nilizozisokota tu nilipobadilisha mkono wa klachi. Hazikulia. Nikalehemu, dakika kumi.

Kuhusu mita yenyewe: hakikisha ni ya herufi D mwishoni, maana ya B haina ule mlio, na mlio ndio unaofanya kazi ya nyaya iwe nyepesi. Kwa kazi zote hizi za volti, weka kwenye 20 ya moto wa betri (DC). Ubaya wake, nyaya za ncha ni dhaifu. Wangu mmoja ulikatika karibu na mpini. Haijizimi, nimeshaisahau usiku kucha. Na betri yake ya volti 9 ikichoka, inasoma juu kuliko ukweli: siku moja iliniambia betri ya pikipiki ina 14.1 injini ikiwa imezimwa, jambo lisilowezekana. Hizo ni namba za pikipiki inayochaji. Yangu injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika inasoma 14.2.

Tundu la 10A usiliguse kwa kazi ya stata. Stata inavuta ampea nyingi zaidi ya hizo, na kwenye hii yangu tundu hilo halina fyuzi.

Nimeshamwazima yule mzee mara mbili, na mara zote ameirudisha na ncha zimefungwa vizuri kwa mpira.