Boksi la kuziba pancha: kifaa kinachotupwa ndicho cha maana

Haya wadau, karibuni. Leo nina hili boksi la kuziba pancha za tubeless, tairi zisizo na tyubu ndani, haya yanayouzwa maduka ya spea. Kuna chuma chenye meno cha kusafishia tundu, sindano ya kuchomekea, tambi za mpira, halafu kuna haka kadude kadogo ka plastiki kenye mpasuko nchani, ka kukazia kipini kilicho ndani ya valvu, pale pa kujazia upepo. Watu wanakatupa. Mimi naona ndiko kanakobeba boksi zima.

Tuseme tairi yako moja inalala. Unajaza upepo, siku tatu nne imelala tena, na msumari huuoni. Angalia kwanza zote nne. Tairi nzima hupoteza psi 1 hivi (psi ni kipimo cha upepo) kwa mwezi, na asubuhi ya baridi, mkiwa Njombe huko mnaijua, inashusha zaidi. Zikishuka zote sawasawa, tulia. Ikishuka moja, inavuja.

Jaza hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Chukua maji na sabuni ya vyombo, anzia kwenye valvu. Toa kifuniko, dondoshea povu mdomoni mwa valvu, subiri. Usiwe na haraka hapa, maana tundu dogo linapuliza povu moja kwa dakika nzima! Povu likivimba, kile kipini cha ndani kimelegea au kimechoka. Sasa kadude ketu: chomeka, zungusha kulia, kaza kidogo tu. Bado linavimba? Weka kipini kipya, ila uwe na pampu karibu, upepo wote utatoka.

Kisha pindisha shina la valvu huku na kule ukimwagia povu. Mpira ukizeeka hupasuka chini pale, na hiyo ni kazi ya fundi.

Valvu ikiwa salama, mwagia sehemu inayokanyaga barabara, sogeza gari uone pande zote. Ukikuta msumari hapo, tambi zinafanya kazi vizuri, mradi tundu lisizidi milimita 6. Ubavuni usijaribu, tairi inanyumbuka pale. Malalamiko yangu ni mshikio wa plastiki: ukisukuma kwa nguvu unapinda. Tafuta boksi lenye mshikio wa chuma.

Mwisho ni ukingo, tairi inapokutana na rimu, nje na ndani. Rimu za alumini zikiliwa na kutu nyeupe, upepo unapenya kwa vipovu vidogo vidogo. Boksi hili halikusaidii kitu hapo. Tairi ivuliwe, rimu isuguliwe.

Na yale maji ya kuziba ya kwenye chupa? Ya dharura njiani, sawa. Ukiyamimina kabla hujajua panapovuja, fundi atakayevua tairi atakusema, na haki yake.

Kwa hiyo boksi nalipa alama saba kwa kumi. Kama tatizo lako ni valvu tu, kadude haka na vipini vyake vinauzwa peke yake, bei ndogo sana. Andika hapo chini tairi yako inalala baada ya siku ngapi, na povu umeliona wapi.