Darubini ndogo kwa bunduki ya upepo: uzoefu wangu na 2-7x32

Kama una bunduki ya upepo na unatafuta darubini ya kuifunga juu, ushauri wangu ni mmoja: usikimbilie namba kubwa. Dukani nilionyeshwa kwanza 6-24x50 (yaani inakuza mara 6 hadi 24, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50), chuma kirefu na kizito, nikaambiwa ndiyo "inayoona". Nikaomba Hawke Vantage 2-7x32 AO, na mpaka leo sijaona sababu ya kuibadilisha.

Naishi Uingereza, na bunduki yangu ni Weihrauch HW95 ya springi, mdomo wa milimita 4.5. Huku England, bunduki ya upepo ambayo risasi yake hutoka kwa nguvu isiyozidi futi-pauni 12 (kipimo cha nishati) haihitaji leseni, ila mnunuzi awe na miaka 18. Scotland ni tofauti: tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti. Napiga karatasi na vibati vidogo kilabuni, kuanzia yadi 10 hadi 40 hivi. Kwa masafa hayo, kukuza mara 4 au 5 kunatosha kabisa.

Sababu ya kwanza ni mwanga. Chukua upana wa lenzi ya mbele, ugawanye kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaotoka kuelekea jichoni. Hii yangu ikiwa kwenye 4 inatoa milimita 8. Ile ya 50 ukiipeleka mpaka 24 inatoa milimita 2 tu na kidogo. Alasiri ya Novemba, chini ya miti, tofauti hiyo ni kubwa mno: huku unaona kibati na mpaka wake, kule unaona kivuli. Tena kwenye ukuzaji mdogo huhangaiki kutafuta pa kuweka jicho. Ukiinua bunduki, picha ipo. Mapigo ya moyo nayo hayaruki kwenye shabaha kama yanavyoruka ukikuza mara 20.

Lakini jambo ninalotaka wenzangu walizingatie zaidi ni herufi AO. Maana yake ni kwamba pete ya lenzi ya mbele inazunguka, na unaweza kuiweka kwa umbali wa shabaha yako. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimefungwa kiwandani kwa yadi 100. Ukilenga kitu kilicho yadi 10 kwa darubini ya namna hiyo, picha ina ukungu, na kibaya zaidi, msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini unatembea juu ya shabaha jicho lako likisogea. Hiyo ndiyo paralaksi. Kwa lenzi ya milimita 32, kosa linaweza kufika karibu milimita 14 jicho likiwa pembeni kabisa. Shabaha yenyewe ikiwa na upana wa milimita 15, hapo utalaumu risasi bure.

Kurekebisha kuna hatua mbili, na watu wengi huziruka au huzichanganya. Anza nyuma, kwenye lenzi ya jichoni. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au anga, mbali kabisa na jua, utazame kwa sekunde mbili tatu tu, kisha utoe jicho. Ukikodoa muda mrefu, jicho litajirekebisha lenyewe likudanganye. Zungusha kidogo, pumzisha jicho, tazama tena, mpaka msalaba uwe mweusi na mkali papo hapo unapochungulia. Kama unavaa miwani ukipiga, ivae hapo pia. Hatua hii inahusu jicho lako na msalaba, haina uhusiano na shabaha. Ukishamaliza, usiiguse tena.

Ndipo uende mbele. Laza bunduki tupu juu ya mifuko ya mchanga, lenga karatasi, zungusha pete ya AO mpaka maandishi ya karatasi yasomeke. Sasa acha bunduki ilivyo, usiishike, usogeze kichwa juu na chini taratibu. Msalaba ukiteleza juu ya karatasi, zungusha kidogo zaidi. Ukitulia palepale, umepata. Mimi huamini mtihani huu kuliko ung'aavu wa picha.

Kuirekebisha ili risasi ziangukie pale msalaba unapolenga hakukuwa na shida. Kliki moja ya kitufe cha kurekebishia ni robo dakika (dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja ya pembe), yaani karibu milimita 1.7 kwa yadi 25, kwa hiyo risasi zikianguka sentimita moja chini, ni kliki 6 kwenda juu.

Wenye bunduki ya springi, sikilizeni hapa. Pistoni ikiruka mbele, bunduki hurudi nyuma; pistoni ikigota mwisho, bunduki husukumwa mbele. Mshtuko unakwenda pande zote mbili. Darubini isiyotengenezwa kwa hali hiyo hulegea ndani. Ya rafiki yangu ilianza kuhamisha risasi ovyo ingawa kwa nje ilikuwa salama. Hakikisha imeandikwa kwamba inafaa bunduki za springi, na vibano vinavyoishikilia darubini viwe na pini ya kuingia kwenye kitobo juu ya bunduki, la sivyo vitatambaa kurudi nyuma.

Namba za yadi kwenye pete ya AO, kwa darubini yoyote ya daraja hili, zichukulie kama makadirio. Nimezungushia yangu utepe mweupe, nikapima uwanja kwa futi kamba na kuandika alama zangu kwa kalamu.

Anayeshindana Field Target, mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo, ambako shabaha hufika yadi 55 na umbali husomwa kwa kurekebisha picha, hii haitamfaa. Huyo ndiye anayehitaji ile kubwa.