Kozi ya "huduma isiyozimika": imezima mbele ya macho yangu

Mwenye kozi simtaji, wanaomjua watamjua. Ila hela yangu imeniuma, acha niseme.

Tangazo liliahidi utaondoka na huduma inayostahimili hitilafu, iliyo kwenye klasta (kundi la mashine zinazofanya kazi kama moja) ndani ya kompyuta yako mwenyewe, bila kukodi seva ya mtu. Mwanzo, kusema kweli, nilifurahi mno. Anavyofundisha kind, programu ya kuendesha klasta ya Kubernetes (mfumo unaosimamia programu zako na kuziwasha upya zikianguka) kwenye kompyuta yako, sijaona mwingine: kwamba ukishatengeneza imeji (kifurushi cha programu yako na vyote inavyohitaji) lazima uiingize kwenye klasta kwa kind load, na usiipe lebo ya latest, maana Kubernetes ikiona latest inakwenda kutafuta mtandaoni kitu kilichopo hapo hapo kwenye diski yako. Nikafuta podi moja (nakala moja ya huduma inayoendeshwa kwenye klasta) makusudi, nyingine ikachomoza papo hapo. Nikamwita mdogo wangu aje aone.

Likaja somo la hifadhidata. Izimeni, anasema, muone huduma inavyovumilia. Nikaizima. Podi zote tatu chali! Safu ya RESTARTS, idadi ya kuwashwa upya, inapanda tu, CrashLoopBackOff (yaani inaanguka na kusubirishwa tena na tena) juu mpaka chini. Nikaiwasha hifadhidata, ikawa nzima kabisa, podi bado zimelala, kwa sababu kila zinapoanguka Kubernetes inaongeza muda wa kuzisubirisha: sekunde 10, 20, 40, hadi dakika 5. Huo ndio uvumilivu tuliouziwa.

Nikafungua faili lake la YAML, lile la maelekezo kwa Kubernetes. Kumbe livenessProbe yake, kipimo cha kujua kama kontena (programu inayoendeshwa ndani ya podi) li hai, inakwenda kuulizia hifadhidata! Ikikosa jibu mara 3, kila baada ya sekunde 10, kontena lisilo na ugonjwa wowote linauawa. Swali hilo ni la readinessProbe, kipimo cha kujua kama podi iko tayari kuhudumia, ambayo inaiondolea podi wateja kwa muda na kuiacha hai.

Nikamwandikia kwenye kundi la wanafunzi, kwa adabu zote: "Habari za kazi mwalimu, samahani kwa usumbufu, nadhani hapa pana shida." Jibu: "Dada, kozi hii si ya wanaoanza. Rudia somo la kwanza." Mimi! Nimekesha na seva za watu tangu yeye hajanunua ile taa yake ya duara ya kurekodia video. Baadaye naangalia, ujumbe wangu umefutwa. Na faili, kimya kimya, limerekebishwa vile vile nilivyosema. Hata asante hakuna.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Lakini faili sasa liko sawa, na lile somo la imeji limeniokolea bando, kwa hiyo tatu. Atakayelipa leo atapata kitu kinachofanya kazi, kwa jasho langu. Hapana, mbili. Nikikumbuka "rudia somo la kwanza", ni mbili. Tena klasta yake yote ina nodi (mashine) moja: nodi hiyo ikienda, podi zote tatu zimekwenda nayo. Hilo halimo kwenye tangazo, na safari hii simwambii.