Niliambiwa ni mtu wa magobole

Mimi si mtu wa kulalamika. Nimewahi kuuziwa mbegu za mahindi zisizoota nikanyamaza. Hili la bunduki limenishinda.

Fundi simtaji. Yuko Iringa mjini, ana leseni yake halali, na ukutani ametundika pembe za swala korongo. Nilimpelekea bunduki yangu ya risasi za .30-06 abadilishe mtutu nipate risasi ya kufika mbali. Karatasi za polisi nilishazihangaikia mpaka soli za viatu zikaisha.

Ukiwinda ndani ya miombo huna haja ya masafa, mnyama unamwona hatua sitini naye ameshakuona zamani. Lakini mimi hupenda pembezoni mwa mbuga, upande wa Chunya, ambako kongoni anapanda juu ya kichuguu mita mia tatu na kukutazama kama mkwe.

Nilitaka mtutu wa risasi ya .375 H&H. Waingereza waliitoa 1912, na mpaka leo ukitaja nyati ndiyo utakayoulizwa kama unayo. Fundi akacheka. Ganda lake la kubebea baruti ni refu mno, akasema, mtambo wako wa kupakilia risasi hautalimeza bila kukatwakatwa, tena risasi yenyewe nzito, kwa masafa yako inashuka mapema. Chukua .300 Winchester Magnum, urefu wake unaingia humohumo. Hapo alisema kweli, simnyimi haki yake. Ila kitako cha ganda la .300 ni kinene, milimita 13.5 kwa 12 za .30-06 yangu. Uso wa bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake, lazima upanuliwe, na ile kucha inayovuta ganda ibadilishwe. Uso aliupanua. Kucha akaikwangua kwa tupa tu, akairudisha.

Sikujua. Siku ya kuijaribu nilitamani kumkumbatia: risasi tatu, mita 100, matundu yote unayafunika kwa kifuniko cha soda!

Halafu kongoni. Nilifyatua, akayumba, hakuanguka. Nikavuta bolti, ikaja tupu. Ganda limebaki ndani. Nikasukuma, nikavuta tena. Mjomba nyuma yangu akanong'ona, "Mpwa, anaondoka." Tulifuata damu masaa manne. Tulimpata, ndiyo, lakini sipendi kukumbuka alivyokuwa. Ganda lilitoka kambini usiku, kwa kulisukuma na ufito wa kusafishia kutokea mdomo wa mtutu. Yote hayo kwa kichuma kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Laiti ningeng'ang'ania mtambo wa Mauser 98! Ule una kucha ndefu, pana, inalidaka ganda tangu linapotoka magazini, na hauliachii mpaka ulitupe nje. Wajerumani walishalimaliza jambo hili mwaka 1898, sisi tunakwangua kwa tupa.

Nikarudi Iringa. "Kamwene," nikamsalimu. Hakuitikia. Alikuwa anatafuna hindi la kuchoma, akalimaliza kwanza.

"Ulitumia risasi gani?"

"Ulizoniuzia wewe."

Akaichezesha bolti kwa vidole viwili, haina kitu ndani, bila shaka inateleza. Kisha, mbele ya wateja wawili: "Mzee wangu, bunduki haina kosa. Nyie watu wa magobole mnavuta bolti kama mnang'oa muhogo."

Wale wateja walicheka. Mmoja alikuwa kijana wa rika la mwanangu.

Niseme ukweli, huenda siku ile nilivuta kwa pupa. Fundi mwingine, wa Mbeya, mtu wa maneno machache, aliweka kucha mpya ya saizi yake, na tangu hapo nimepiga kama risasi thelathini bila ganda hata moja kugoma. Mtutu wa yule wa Iringa ni mzuri, mzuri sana, sijashika wenye shabaha kama ule. Kwa hiyo mtu akiniuliza .300 nitamwambia achukue, na kwa kazi ya mtutu pengine ningemwelekeza kwa yuleyule.

Hapana. Simwelekezi mtu. Nilikuwa nimpe nyota tatu, nimekumbuka lile hindi, nampa moja. Na kuhusu magobole, ajue kwamba la marehemu babu halikuwahi kumkwamishia ganda hata siku moja, maana halina.